Mtu Mmoja Katika Hesabu Kubwa

Watoto wa milimani, mkiambiwa ya kuwa Tanzania ina watu milioni sitini na zaidi, msiridhike upesi. Hesabu ya watu iliyofanywa mwezi wa Agosti 2022, Bara na Zanzibar pamoja, ilitoa namba hii: 61,741,120. Wako wasemao, "Mtu mmoja katika hao wote ni nini? Ni tone la mvua baharini." Mimi naona wamekosa, na namba yenyewe itatushuhudia.

Itazameni. Mwisho wake ni 0. Basi hugawanyika kwa 2, kwa 5 na kwa 10 bila kusaza kitu. Hugawanyika kwa 7 pia, na kila fungu huwa 8,820,160. Je, kwa 3? Hapa hapana haja ya kugawanya. Kumi ukiigawanya kwa 3 husalia 1. Na mia vivyo hivyo, na elfu, hata milioni. Kwa hiyo jumlisheni tarakimu tu: 6 na 1 na 7 na 4 na 1 na 1 na 2 na 0, jumla yake 22. Ishirini na mbili haigawanyiki kwa 3 bila kusaza, wala namba yote haigawanyiki.

Sasa tuseme kwamba kule Mtae, ukingoni mwa milima yetu ya Usambara, mtoto mchanga mmoja alikuwa amelala chumba cha ndani, na mwenye kuhesabu hakuambiwa habari zake. Namba ingalikuwa 61,741,119. Igawanyeni kwa 2, itasaza; kwa 5, kwa 7 na kwa 10, itasaza. Lakini jumla ya tarakimu zake ni 30, nayo sasa hugawanyika kwa 3! Majibu yote matano yamegeuka kwa ajili ya mtoto mmoja asiyejua hata kusema.

Labda mtaniambia, "Mwalimu, huo ni mchezo wa tarakimu." Ni kweli, thamani ya mtu haitoki katika kugawanya. Lakini namba kubwa haina kitu ndani yake ila mmoja, na mmoja, na mmoja. Tena madawati ya shule na dawa za zahanati hukadiriwa kwa hesabu ya watu. Mtoto aliyefichwa kwa sababu ya kilema chake hakukadiriwa kitu. Yule mchungaji wa Injili alikuwa na kondoo 99 salama, wala hakusema, "Wanatosha."

Basi mwenye kuhesabu akija nyumbani kwenu, mtajeni kila mtu: bibi kipofu aliyeketi jikoni, na mtoto aliye mgongoni. Hesabu iliyomwacha mmoja si hesabu ya kweli.