Kisasi si Ukosefu wa Sheria

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Nyanza Kusini una mazoea mabaya. Visakale vya Wasuba na Wajaluo wa upande wa Magunga na Karungu vinapotaja koo zilizopigania ardhi, ng'ombe au damu iliyomwagika, mhakiki hukimbilia kusema kuwa hiyo ni taswira ya "Zama za Kati", yaani ya jamii isiyo na sheria. Kauli hiyo ina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kutoijua Ulaya yenyewe. Sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, zilizoandikwa mnamo mwaka 600 hivi, kwa sehemu kubwa ni orodha ya fidia: jino, sikio, kidole na uhai, kila kimoja na malipo yake. Saga ya Njál, iliyotungwa Iceland katika karne ya 13, imejaa mashauri ya baraza sawa na ilivyojaa mauaji. Dola Takatifu la Kirumi halikupiga marufuku vita vya kisasi moja kwa moja hadi mwaka 1495. Kisasi, basi, kilikuwa njia mojawapo ya kudai haki.

Kosa la pili ni kuisahau historia ya hapa. Evans-Pritchard alionyesha mwaka 1940 kwamba Wanuer, jamaa za Wajaluo kwa lugha, walikuwa na mpatanishi na ng'ombe wa fidia ya damu. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alichapisha kwa Kijaluo kitabu kizima cha mila, Luo Kitgi gi Timbegi, mwaka 1938. Kinyume chake, Otenyo alipomchoma mkuki ofisa Northcote mwaka 1908, naye ofisa akapona, serikali yenye sheria za kuandikwa iliwaadhibu Wagusii kwa pamoja: watu wakauawa, vijiji vikachomwa, mifugo ikatekwa, hata Churchill katika wizara ya makoloni akapinga. Hicho nacho kilikuwa kisasi, ila hakikuwa na mpatanishi wala kikomo cha malipo.

Njál husomwa vyuoni kama sanaa inayoihoji sheria; sigana ya Magunga husomwa kama masalia. Ubaguzi huo humfunza mwanafunzi kwamba babu zake hawakujua haki. Mhakiki anapaswa kuiuliza sigana maswali yale yale: nani ana haki ya kudai, nani husimama kati, fidia ni kiasi gani, na nini hutokea inapokataliwa? Asiyeyauliza hajaanza kuhakiki.