Kwa Nini Muuguzi Arudi Darasani

Kunapopambazuka, mabasi madogo yatokayo katikati ya Lilongwe huwashusha mtaani Chinsapo watu wa zamu ya usiku: walinzi, askari na wauguzi. Miongoni mwa wauguzi hao yumo ambaye, akisha kuoga na kunywa chai, haendi kulala bali hufungua daftari. Kazi anayo, mshahara anao, na stashahada ya uuguzi na ukunga aliyoisomea miaka 3 imetundikwa ukutani. Mumewe humtazama na kumwuliza, "Mama watoto, cheti si unacho? Unatafuta nini tena?"

Swali hilo lina haki yake, maana ada ya chuo hutoka katika mfuko ule ule wa unga na kodi ya nyumba. Hata hivyo, muuguzi naye ana majibu yake, na jibu la fedha ni moja tu kati ya hayo.

Kwamba fedha zina nguvu, hapana shaka. Mwaka 2004 serikali ya Malawi, ilipoona wauguzi wake wanakimbilia Uingereza na kwingineko, ilianzisha mpango wa dharura ulioongeza asilimia 52 juu ya mishahara ya watumishi wa afya. Lakini mpango kama huo hauondoi daraja. Mwenye stashahada na mwenye shahada husimama katika wodi moja, huamka usiku mmoja na kupokea watoto wale wale. Linapokuja suala la usimamizi au ualimu, mwenye shahada hutangulia.

Hapo ndipo penye kuchoma. Binti aliyekuja wodini akiwa mwanafunzi, akafundishwa na mama huyu namna ya kutundika dripu bila kumwumiza mgonjwa, hurejea baada ya miaka michache kutoka chuo kikuu akiwa mkubwa wake. Askari wataelewa upesi kuliko raia: sajini mwenye miaka 20 kazini humpigia saluti luteni aliyetoka chuoni juzi. Humpigia kwa moyo safi, lakini usiku hujiuliza.

Jibu la tatu ni mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2014 Linda Aiken na wenzake walitangaza uchunguzi wa hospitali za nchi 9 za Ulaya: kila wauguzi wenye shahada walipozidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki katika siku 30 ulipungua kwa asilimia 7. Jimbo la New York, huko Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba wauguzi wapya wa stashahada wapate shahada katika miaka 10. Hizo ni hospitali za kwao, zenye vifaa. Mkunga anayehudumia peke yake wodi iliyojaa huhitaji kwanza mwenzake wa kumsaidia. Ila elimu ya kutambua mapema kuwa mzazi anaharibikiwa haichagui nchi.

Mambo huwa mazito zaidi Dzaleka, wilayani Dowa, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Kwa watu waliotoka Kivu, ngazi za uuguzi zajulikana kwa herufi: A2 ya sekondari, A1 ya miaka 3 ya chuo, kisha A0 ya shahada. Mwenye A1 ya Bukavu huenda ameihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ilijiwekea masharti juu ya ajira, elimu na uhuru wa kutembea. Na mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini walirudishwa kambini. Kwa muuguzi wa namna hiyo kusoma tena si kupanda daraja. Anatafuta karatasi itakayosomeka katika nchi yoyote atakayofikishwa. Tangu mwaka 2010 Wajesuiti wameleta Dzaleka masomo ya chuo kikuu kwa kompyuta, nayo yamewafaa wengi, lakini mtoto hapokelewi kwa kompyuta. Uuguzi hudai saa za wodini.

Tukirudi nyumba ya Chinsapo, liko pia jambo la kupunguza uzito. Kenya mwaka 2005, kwa msaada wa AMREF, ilianza kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi stashahada kwa masomo ya kompyuta huku wakiendelea na kazi zao. Mtindo wa kusoma bila kuacha mshahara ndio unaozifaa nyumba za askari, ambako uhamisho huja bila kubisha hodi na mke aliyekwisha lipa ada huachwa njia panda. Mume aliyeuliza swali alfajiri aweza kuandika barua ya kuomba uhamisho usubiri hadi mwisho wa muhula. Kisha wakae wote wawili na kalenda, wapange ni nani atakayemwogesha mtoto siku za mtihani.