Bandari ya Kalemie: mbele ya litiamu kupita, mbebaji apate kontra yake

Siku hizi, popote wakubwa wanapokutana juu ya madini, neno ni moja: njia ya kutokea. Huyu anasema Lobito, yule Durban, mwingine Dar es Salaam. Juu ya litiamu ya Manono, kuko wanaotazama ramani na kuweka kidole ku Kalemie. Wana sababu. Manono na Kalemie ni jimbo moja, ziwa liko pale, na ng'ambo ya ziwa reli ya Kigoma inashuka mpaka ku bahari ya Hindi.

Hatukatai. Lakini katika mazungumzo hayo yote, gati ya Kalemie inatajwa kama vile ni simenti na mawe tu. Wanauliza ni tani ngapi zitapita na ni dola ngapi zitaingia. Hatujasikia mtu anauliza nani atabeba, kwa kontra gani, na akivunjika mguongo nani atalisha watoto wake. Kwetu sisi watu wa sendika ya migodi, hilo ndilo ulizo la kwanza. Madini hayaishii ku mlango wa mgodi. Mwenye kuchimba na mwenye kupakia masuwa ni watu wa mnyororo mmoja, na mmoja akikosa haki, mwingine naye atakosa kesho.

Historia ya gati hiyo inatupa mafundisho. Tuitazame kwanza, nyuma yake tuseme tunaomba nini.

Mawe ya kwanza yalikuwa ya vita

Mto Lukuga, unaopita pale Kalemie, ndio mlango peke yake wa maji ya ziwa Tanganyika kutoka na kwenda Lualaba. Mwingereza Cameron aliuandika mu 1874, lakini wenyeji walikuwa wanaujua tangu wazee wao. Mwisho wa 1891 kapiteni Jacques, Mbelgiji, alisimamisha posta upande huo wa ziwa akaiita Albertville, jina la ukoo wa mfalme wake.

Mu 1902 kampuni ya reli ya CFL ilizaliwa, mali ya tajiri Empain. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mto na maziwa. Mu 1915 reli kutoka Kabalo ikafika ku ziwa, kilometa 273. Watu wa Nyunzu na wa Kalemie hawakuulizwa kama wanaihitaji. Reli ilikuwa inatafuta maji, na vita ilikuwa imekwisha kuanza.

Mwezi wa 8 mwaka 1914, masuwa ya Wadachi ilipiga masuwa ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiharibu. Tangu siku hiyo Wadachi walikuwa wenye ziwa. Waingereza wakaleta masuwa mbili ndogo, Mimi na Toutou. Msomaji wa Katanga asikie vizuri njia yake: zilipanda treni ku Cape Town, zikapita Elisabethville, zikateremshwa Fungurume. Ndiyo, Fungurume ileile ya shaba na kobalti ya leo. Kutoka pale zikavutwa ku milima ya Mitumba mpaka Sankisia, zikaenda Bukama, zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, zikapanda treni tena mpaka ku ziwa.

Nani alifungua barabara ile mu pori? Nani alikata miti ya madaraja? Mashini za moshi zilipokwama na ng'ombe walipochoka, nani alishika kamba? Watu wa vijiji, na wanawake wakibeba maji ya mashini ku kichwa. Ku Kalemie, mawe yakapasuliwa na kutupwa mu maji mbio mbio ili kupata kimbilio, sababu mawimbi ya ziwa lile hayana huruma na pwani ile iko wazi. Tarehe 26 ya mwezi wa 12 mwaka 1915 masuwa ya kwanza ya Wadachi ikakamatwa. Tarehe 9 ya mwezi wa 2 mwaka 1916 ya pili ikazama. Mwezi wa 9 mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora, na nyuma yake wapagazi wenye mizigo ku mabega.

Vitabu mingi vimeandikwa juu ya vita ile. Jina la masuwa tunalijua, jina la komanda tunalijua. Majina ya waliovuta kamba na waliobeba mawe hayako. Gati ya Kalemie ilianza namna hiyo, kwa kazi ya watu wasioandikwa. Tuweke neno hilo ku kichwa, maana litarudi.

Kisha ikawa ya bati na ya watu

Vita ilipokwisha, wenye mali wakaona njia iko tayari. Reli ya Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Tarehe 15 ya mwezi wa 3 mwaka 1921, Ubelgiji na Uingereza wakatia sahihi mapatano: Wabelgiji wakapewa sehemu yao ku Kigoma na ku Dar es Salaam, kwa malipo ya franka moja kwa mwaka. Sehemu hizo ziliitwa Belbase. Mzigo wa Kongo ulikuwa unatoka mkono wa Mbelgiji ku Kalemie, unapokelewa na mkono wa Mbelgiji ku Kigoma, unashuka mpaka ku bahari, na duane ya Waingereza haigusi kitu. Franka moja! Wakubwa wakitaka, wanajua kupangana vizuri. Mbebaji peke yake ndiye alikuwa hana mapatano.

Mji ukakua. Makaa ya mawe ya Lukuga yalichimbwa pale karibu. Bati ya Manono, ya kampuni ya Géomines, ikatafuta njia za kutokea. Nyuma ya vita ya pili ya dunia kiwanda cha nguo cha Filtisaf kikaajiri watu wengi, na Kabimba ikatoa simenti. Mzee yeyote wa Kalemie atakuambia: wakati ule sauti ya mashini ilikuwa saa ya mji.

Na si mzigo tu uliopita pale. Katika miaka ya 1920, Union Minière ilipokosa mikono, ilikwenda kutafuta watu mpaka Rwanda na Burundi. Walivushwa ziwa, wakateremka pale, wakapanda treni ya Kabalo, wakaendelea mpaka ku kambi za Katanga. Wengi walikufa kwa magonjwa na baridi ya nchi wasiyoizoea. Kwa hiyo kuko familia mu kartye zetu za Lubumbashi na Likasi ambazo historia yake inapita juu ya gati ile. Ndiyo maana mtu wa migodi akiandika juu ya bandari haingilii mambo ya wengine.

Ikisahauliwa, ikikumbukwa

Uhuru ulileta furaha, ukaleta na bunduki. Mu 1964 waasi waliuteka mji mwezi wa 6, jeshi likaurudisha mwisho wa mwezi wa 8. Mu 1974 Leta ikaunganisha kampuni za reli kuwa moja, ile tunayoiita leo SNCC, na bandari ikaingia ndani yake. Nyuma yake pesa ya kutengeneza ikakauka. Vita ya 1998 ikakata inchi mara mbili na Kalemie ikabaki upande mwingine wa mstari. Filtisaf ikanyamaza. Reli ikaota majani.

Na ziwa halikungoja. Miaka hii maji yamepanda. Mu 2021 na mu 2024 yaliingia mu nyumba za watu Kalemie, Uvira mpaka Bujumbura, na ku bandari vilevile. Mwezi wa 12 mwaka 2014 masuwa Mutambala ilizama mu ziwa, zaidi ya watu mia moja wakafa. Masuwa ikipakiwa kupita nguvu yake, kosa halianzii mu maji. Linaanzia ku gati, pale mtu anapofumba macho ili kamba ifunguliwe.

Ng'ambo hawakulala. Tanzania imejenga bandari mpya ya Karema, mkoa wa Katavi, inatazama upande wetu wa Moba na Kalemie, na hawafichi kwamba ni mzigo wa Kongo wanangojea. Siye tunaendelea na mikutano.

Tukitazama historia yote hiyo, tunaona kitu kimoja. Gati ya Kalemie inakumbukwa paka wakati mtu wa mbali anatafuta njia: mara ya kwanza juu ya vita, mara ya pili juu ya bati. Haja yake ikiisha, anaiacha, na waliobeba wanabaki na mguongo mgonjwa. Sasa mara ya tatu inakuja juu ya litiamu. Je, tutafanya vilevile?

Sheria iko, tuifuate

Kuko watakaosema: "Ninyi watu wa sendika mkiomba mingi, wawekezaji watakimbilia Lobito." Neno hilo tumelisikia ku kila mgodi, na tunajua jibu lake. Litiamu ya Manono haina miguu. Mwenye mali anachagua njia kwa sababu ya urefu, ya reli, ya duane na ya usalama. Mshahara wa mbebaji ni kitu kidogo sana ku hesabu hiyo. Kinachofukuza mzigo ni treni isiyofika, gati iliyojaa mchanga, na karatasi inayongoja sahihi kumi na mbili.

Tena hatuombi kitu kipya. Kode ya kazi ya tarehe 16 ya mwezi wa 10 mwaka 2002, ku kipengele cha 40, inasema wazi: mtu anayeajiriwa siku kwa siku, akifikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na akaajiriwa tena mbele miezi hiyo haijaisha, kontra yake inahesabiwa ni ya kudumu. Msomaji aisome tena sentensi hiyo. Ku bandari zetu na ku magala yetu kuko watu wenye kubeba miaka na miaka, wanaitwa kila asubuhi kama vile ni wageni. Wanabadilishiwa jina ku daftari, ao wanasimamishwa ku siku ya 21. Huo ni ujanja wa kukimbia sheria, na delege wa sendika anapaswa kuujua na kuuhesabu kwa kalamu yake mwenyewe.

Uzito nao uko na kipimo. Shirika la Kazi la dunia lilishauri tangu 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe kwa mkono zaidi ya kilo 55. Mfuko wa simenti ni kilo 50. Basi mfuko mmoja uko ndani ya kipimo. Ulizo ni miwili kwa mara moja, ni mara ngapi kwa siku, na ni juu ya ubao gani wenye kuteleza.

Na pesa? Kode ya migodi ya 2018 inagawa ushuru wa madini namna hii: asilimia 50 kwa Leta ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji ao sekteri ya pale wanapochimba, 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Manono ikianza kuuza, asilimia 25 itaingia ku jimbo la Tanganyika, na mji mkubwa wa jimbo ni Kalemie. Hakuna atakayeweza kusema kwamba jimbo halina haki ya kufanya kitu kwa bandari yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo ine, na tunaomba yaandikwe mbele ya sahihi yoyote ya njia ya litiamu.

Kwanza, wabebaji wote wa bandari waandikwe kwa majina na tarehe, na wenye kufikisha siku 22 wapewe kontra kama sheria inavyosema.

Pili, delege wao waketi ku meza moja na jimbo, kampuni ya reli na wenye migodi. Si kuitwa nyuma ya mkutano ili kupiga mikono.

Tatu, kama mashini za kunyanyua mizigo zinakuja, na zitakuja, vijana wa Kalemie wafundishwe kuziendesha kuanzia sasa. Tusingoje siku mashini inateremka na dereva wake kutoka inchi nyingine.

Ine, gati itengenezwe kwa kuhesabu maji ya leo, si ya zamani, na hakuna masuwa inafunguliwa kamba bila hesabu ya watu na ya mzigo. Wafu wa 2014 wanatosha.

Mheshimiwa Gavana, wabunge wa jimbo, na ninyi wakubwa wa migodi: kipengele cha 40 hakingoji kreni wala mkopo wa benki. Kinahitaji daftari, kalamu, na mkaguzi wa kazi mwenye kushuka ku gati asubuhi. Hilo linaweza kuanza juma lijalo. Likianza, tutajua kwamba mara hii ya tatu si kama zile mbili. Lisipoanza, wajukuu wetu watasoma jina la kampuni na hesabu ya tani, na wabebaji watakosa majina kama wale wa 1915.