Kipimo nafuu cha damu kisigeuzwe mtego kwa wagonjwa wa saratani Eldoret

MGONJWA wa saratani ya kibofu cha mkojo anayesafiri kutoka Lodwar au Kapenguria hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi (MTRH), Eldoret, hawezi kufanyiwa upasuaji mkubwa kabla ya damu yake kupimwa hemogramu. Kipimo hicho hufanywa pia katika hospitali nyingi za kaunti, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya picha za CT.

Swali linalowashughulisha watafiti kote duniani ni iwapo karatasi hiyo ya majibu inaweza kuashiria ni mgonjwa yupi yumo katika hatari kubwa zaidi.

Msingi wa hoja hii ni wa kale. Mnamo 1863, daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza kuwa chembe nyeupe za damu huonekana ndani ya uvimbe wa saratani. Leo inafahamika kwamba saratani huamsha mchochota, yaani hali ile ile inayofanya kidonda kuvimba na kuwa chekundu. Chembe ziitwazo neutrofili huongezeka na baadhi yake huusaidia uvimbe kukua na kusambaa, ilhali limfositi, ambazo ni askari wa kuangamiza saratani, hupungua.

Hivyo basi, idadi ya neutrofili hugawanywa kwa ile ya limfositi. Mwenye neutrofili 6,000 na limfositi 2,000 katika kila maikrolita ya damu hupata 3. Tafiti nyingi za saratani ya kibofu, figo na mirija ya mkojo zimeonyesha kuwa wenye kiwango cha juu huelekea kuishi muda mfupi zaidi.

Kwa saratani ya figo iliyosambaa, jambo hili limekwisha kuingia katika matibabu. Vigezo sita vilivyochapishwa mwaka 2009 na watafiti wakiongozwa na Daniel Heng wa Canada hutumika kukadiria hatari. Vinne kati yake hutoka kwenye damu: hemoglobini, kalisi, neutrofili na chembe za kugandisha damu.

Hata hivyo, kuna hatari ya kuyachukua mambo haya kikasuku. Tafiti nyingi zilifanyiwa wagonjwa wa Ulaya, Marekani Kaskazini na Asia Mashariki, tena kwa kufukua faili za zamani.

Kwanza, Waafrika wengi wana umbile la kurithi la damu liitwalo Duffy hasi, ambalo huwapa neutrofili chache bila wao kuwa wagonjwa. Kiwango kinachohesabiwa kuwa salama London huenda kikaficha hatari Eldoret.

Pili, maambukizi huvuruga hesabu. Virusi vya HIV hupunguza limfositi, nayo maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo, ambayo huwapata sana wagonjwa hawa, huongeza neutrofili. Kwa mgonjwa wa Pwani, kichocho, ambacho chenyewe husababisha saratani ya kibofu, huleta mchochota wake.

Aidha, kipimo hiki hakigundui saratani. Maabara itakayomwambia mwananchi kwamba hemogramu imemwondolea shaka itakuwa imempotosha. Anayeona damu kwenye mkojo, hata bila maumivu, hana budi kuchunguzwa kibofu na figo. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua.

Eldoret ina nafasi ya pekee ya kutegua kitendawili hiki. Sajili yake ya saratani ilianzishwa 1999, na mpango wa AMPATH, unaowaunganisha Chuo Kikuu cha Moi, MTRH na vyuo vya kigeni, umehudumia wagonjwa wa HIV tangu 2001. Hemogramu za wagonjwa wa saratani zikiunganishwa na kumbukumbu za matibabu na vifo vyao, viwango vinavyowafaa Wakenya vitaweza kupatikana bila kununua mtambo wowote mpya.

Kazi hiyo yahitaji fedha za utafiti na makarani wa kutunza kumbukumbu, na ni wajibu wa serikali kuvitoa. Hadi hapo, daktari na aitazame hesabu hii kama ishara moja miongoni mwa nyingi. Isiwe sababu ya kumnyima mgonjwa upasuaji wala dawa.