Uhaba wa Magari: Mnunuzi Aujue Kabla ya Kufungua Mkoba

Mwanzoni mwa mwaka 2021, sajini mmoja aliyekuwa akijiandaa kustaafu alifika ofisini kwetu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi hesabu ya kiinua mgongo chake: kiasi cha kununulia gari la abiria la viti 14, ambalo hapa Uganda twaliita teksi, kiasi cha mabati ya nyumba aliyoianza kijijini, na karo ya watoto wawili. Hesabu yake ilikaa sawasawa, wala haikubakiza kitu.

“Afande,” alisema, “gari nililoliona katika bondi moja ya Kampala ni shilingi milioni 48. Ninunue sasa, au nisubiri bei ishuke?”

“Mzee, subiri,” tulimjibu. “Bei hii ni ya walanguzi. Baada ya miezi sita itashuka.”

Tulikosea. Baada ya miezi sita gari la aina ile ile, la umri ule ule, lilikuwa limefikia milioni 55. Mabati ya mzee yule yalikuwa yamemezwa na ushauri wetu. Tangu siku ile tumejiuliza kosa letu lilikuwa wapi, na leo twaona yafaa kulieleza mbele ya wananchi, kwa kuwa wengi wangali wakilifanya. Kosa lenyewe ni kudhani kwamba uhaba wote ni wa aina moja.

Wazee wetu waliurithisha wazo hilo kwa sababu nzuri. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, na maduka na viwanda vikaangukia mikononi mwa watu waliopewa tu, si walioufahamu ubiashara. Sukari, sabuni, chumvi na vipuri vya magari vikaadimika. Neno “magendo” likawa jina la uchumi mzima. Kitu kilikuwa na bei ya serikali ambayo hakuna aliyeiona, na bei ya mlango wa nyuma ambayo kila mtu aliilipa. Kutokana na miaka ile, Mganda akisikia bei imepanda, humtafuta kwanza aliyeficha bidhaa ghalani. Nasi tulifikiri hivyo hivyo.

Kwa kweli kuna uhaba wa aina tatu. Kuna uhaba wa kuficha, ambapo bidhaa zipo lakini zimefungiwa. Kuna uhaba wa njia, ambapo bidhaa zimekwisha kutengenezwa lakini hazifiki. Na kuna uhaba wa kiwandani, ambapo bidhaa hazijatengenezwa kabisa. Kila mmoja una dawa yake, na dawa ya mmoja yaweza kuwa sumu kwa mwingine. Uhaba wa kuficha huvunjwa na wanunuzi wakigoma kununua, au serikali ikifungua maghala. Uhaba wa njia huisha njia ikifunguka, nao ndio unaofaa kusubiriwa kwa majuma au miezi. Uhaba wa kiwandani haujali subira ya mnunuzi, kwa maana chanzo chake kiko mbali na soko lake, na huenda ukadumu miaka.

Uliompata sajini wetu ulikuwa wa aina ya tatu. Ugonjwa wa Korona ulipoenea duniani mwaka 2020, viwanda vya magari vilifungwa, na wenye viwanda, wakihofu kwamba hakuna atakayenunua gari, wakafuta maagizo yao ya chipu. Chipu ni vile vipande vidogo vya silikoni vinavyoendesha akili ya mashine. Gari moja la kisasa laweza kuwa na zaidi ya 1,000, kuanzia katika injini na breki hadi katika vioo vya madirisha. Watengenezaji wa chipu hawakukaa bure. Watu waliofungiwa majumbani walikuwa wakinunua kompyuta na simu kwa wingi, nao wakahamishia kazi yao huko. Mwishoni mwa mwaka ule watu walipoanza kutaka magari tena, wenye viwanda vya magari walirudi na kukuta wamewekwa mwisho wa foleni.

Mambo mengine yakazidisha shida. Mwezi Februari 2021 baridi kali ilikata umeme katika jimbo la Texas, Marekani, na viwanda vya chipu vya mjini Austin vikasimama. Machi 19 mwaka huo huo moto uliunguza sehemu ya kiwanda cha kampuni ya Renesas huko Naka, Japani, kilichokuwa kikihudumia magari kwa wingi, na sehemu hiyo ikasimama kwa takriban mwezi mmoja. Mwezi Agosti kampuni ya Toyota ilitangaza kwamba ingepunguza kwa asilimia 40 idadi ya magari iliyokusudia kutengeneza duniani mwezi uliofuata.

Msomaji aweza kuuliza: sisi tununuao magari yaliyokwisha kutumika, chipu za magari mapya zatuhusu nini? Zatuhusu sana. Magari mengi yanayoingia Uganda hutoka katika minada ya Japani. Mjapani hulipeleka gari lake jipya kwenye ukaguzi wa lazima likitimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, hivyo wengi huona heri kuliuza la zamani na kununua jipya. La zamani huingia mnadani, na kutoka mnadani hupanda meli kuja Mombasa au Dar es Salaam. Sasa, ikiwa jipya halipatikani, Mjapani hulikalia la zamani. Mnada huwa mtupu, na mfanyabiashara wa Kampala hushindana na wa Karachi na wa Nairobi kwa magari machache yaliyopo. Aidha, kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, hatuwezi kukimbilia kwa urahisi katika nchi zenye usukani wa upande mwingine. Hata matajiri hawakuokoka: nchini Marekani bei za magari yaliyotumika zilipanda kwa takriban asilimia 45 katika mwaka ulioishia Juni 2021.

Hapo ndipo lilipo fumbo la nchi isiyo na bahari. Sisi ndio wa mwisho katika foleni, na kila anayetutangulia hutuongezea mzigo. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 huja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Kwa hiyo bei ikipanda Japani, au nauli ikipanda baharini, kodi nayo hupanda ijapokuwa hakuna sheria iliyobadilishwa. Halafu huja zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kutoka Mombasa.

Uhaba wa njia nao ulikuwapo, na kwa kuwa ulifuatana na ule wa kiwandani, watu waliuchanganya. Machi 2021 meli Ever Given iliziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Januari 2022 malori yalipanga foleni ndefu Malaba na Busia kwa sababu ya mgogoro kuhusu vipimo vya Korona kwa madereva, na bei ya petroli hapa nchini ikaruka. Mambo hayo yalipotatuliwa, foleni zilipungua. Aliyesubiri petroli ishuke hakukosea, lakini aliyesubiri gari lishuke kwa kufuata mfano wa petroli alipoteza.

Kuna suala la umri pia. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Kenya yenyewe imeweka kikomo cha miaka 8. Nia ya sheria hiyo ni njema, na sisi tuliowahi kuwatoa majeruhi katika magari yaliyokatika breki barabara kuu ya Masaka hatuwezi kuipinga. Lakini ni haki kusema ukweli wote: sheria ya umri hufunga mlango wa chini wa soko, na mwenye fedha kidogo hulazimika kushindana kwa gari lile lile analolitaka mwenye fedha nyingi. Wakati wa neema hili halionekani sana. Wakati wa uhaba, tofauti hiyo hulipwa kwa mabati ya nyumba.

Je, hayo yamepita? Uhaba mkubwa wa chipu ulianza kulegea mwaka 2023. Hata hivyo magari yaliyokosa kutengenezwa mwaka 2021 na 2022 hayatazaliwa tena, na pengo lao litatembea pamoja na umri wao hadi minadani. Baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022, Urusi nayo iliingia kwa nguvu katika minada ya Japani, hata Japani ilipozuia, mwezi Agosti 2023, kuiuzia magari yenye injini kubwa kupita lita 1.9. Na mwezi Oktoba 2025, mgogoro kati ya Uholanzi na China juu ya kampuni ya chipu ya Nexperia ulilazimisha kiwanda cha Honda nchini Mexico kusimama. Chipu zilizokosekana safari hiyo hazikuwa za ajabu; zilikuwa za kawaida na za bei ndogo. Uhaba wa kiwandani, basi, utarudi.

Katika shule ya kadeti tulifundishwa kwamba jeshi lisilo na akiba hupigana kwa rehema ya adui. Viwanda vingi vya magari vilikuwa vimejifunza kinyume chake: kuletewa kila kipuri siku ile ile kinapohitajika, ili ghala lisigharimu kitu. Toyota ndiyo iliyoanzisha mtindo huo, lakini baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2011 iliwataka wanaoiuzia vipuri waweke akiba ya chipu ya miezi kadhaa. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2021, wenzake walipokuwa wakifunga milango, yenyewe iliendelea kwa muda. Akiba haiozi.

Mwananchi afanye nini? Kwanza, aulize chanzo. Ikiwa njia imezibwa, asubiri. Ikiwa viwanda vimesimama na fedha yake ni ya kazi, si ya fahari, asisubiri bila kikomo. Pili, alitazame gari lililokwisha kutumika hapa nchini. Kodi zake zimelipwa, na fundi aweza kulilaza na kulikagua kabla ya shilingi moja kutoka. Tatu, anunuapo gari lililotoka Japani, adai cheti cha kufutwa usajili huko pamoja na karatasi ya mnada, alinganishe namba ya chesisi na mwendo ulioandikwa na ule unaosomeka garini. Uhaba ndio msimu wa wanaorudisha nyuma mita. Nne, asiuze shamba kwa ajili ya bei ya hofu. Dalali asemaye “kesho halipo” huenda asema kweli, lakini keshokutwa litakuwapo jingine.

Kwa upande wa taifa, twajivunia kwamba gari la umeme la Kiira lilitengenezwa na wanafunzi na walimu wa Makerere mwaka 2011, na kwamba shirika la jeshi letu, NEC, limejenga kiwanda cha Kiira Motors huko Jinja. Majirani zetu wa Tanzania nao wana Nyumbu, kituo cha magari cha jeshi lao huko Kibaha. Tusijidanganye, hata hivyo. Basi lililoundwa Jinja lahitaji chipu na betri kutoka ng’ambo kama lile la Japani. Faida yake ya karibu ni kwamba mwananchi mwenye basi la uhakika halazimiki kununua gari siku za dhiki, na kwamba vijana wetu wanajifunza kutengeneza na kufufua, si kununua tu.

Sajini yule alistaafu mwishoni mwa 2022. Hakununua gari la bondi. Alinunua teksi iliyokuwa imetembea hapa nchini miaka minne, baada ya fundi mmoja mstaafu wa karakana kulala chini yake nusu siku nzima. Ingali ikibeba abiria. Nyumba yake ilikaa miaka miwili bila paa, kuta zikinyeshewa.

Tulipomtembelea na kumwomba radhi kwa ushauri wetu, alicheka. “Afande,” alisema, “wewe uliniambia nisubiri. Hukuniambia nasubiri nini.”

Hilo ndilo swali tunalowaachia wasomaji wetu.