Mshahara wa Marekani si kama wa Gécamines



Ikisikika kwetu Katanga kwamba familia fulani ya Marekani inaingiza dola 70,000 kwa mwaka, watu huzigeuza papo hapo kuwa bukari (ugali), minervali (karo ya shule) na mabati, kisha husema: wale wamekuwa matajiri. Hesabu hiyo si sahihi, na sisi tuna sababu ya kulijua hilo kuliko wengi. Mshahara wa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, ambayo baadaye ikawa Gécamines, ulikuwa mdogo kwenye karatasi, lakini nyuma yake kulikuwa na nyumba ya kampuni, posho ya unga, hospitali na shule ya watoto. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondolewa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wengi walipokea dola kwa mkupuo, na bado dhiki ikaingia Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Vyote vilivyokuwa vimejificha ndani ya ule mshahara sasa vilitaka kununuliwa. Mshahara wa Marekani ni wa namna hii ya pili: hela inaonekana yote, lakini karibu kila kitu ni cha kununua.

Hata hizo dola 70,000 zenyewe tuzipime. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani huiita kaya ya tabaka la kati ile yenye kipato kati ya theluthi mbili za kipato cha katikati cha nchi na mara mbili yake. Kwa mwaka 2022 hizo zilikuwa dola 56,600 hadi 169,800 hivi. Wengi huishia hapo, kumbe hesabu hiyo ni ya kaya ya watu watatu. Wakiwa sita, kima cha chini kinapanda hadi karibu dola 80,000. Chukueni baba na mama wanaofanya kazi katika kiwanda cha nyama, kila mmoja akilipwa dola 17 kwa saa, saa 40 kwa wiki, bila kukosa wiki hata moja: kwa pamoja wanapata dola 70,720. Wakiwa na watoto wanne, hawajafika tabaka la kati. Kabla hela haijaingia mkononi, asilimia 7.65 imekwisha kukatwa kwa ajili ya pensheni na matibabu ya wazee. Bima ya afya ya familia kupitia mwajiri ilimgharimu mfanyakazi wastani wa zaidi ya dola 6,000 mwaka 2024, na ukilazwa bado kuna sehemu unayolipa mwenyewe. Kuna kodi ya nyumba, kuna gari ambalo katika miji mingi huwezi kufika kazini bila hilo, na kwa aliyefika kama mkimbizi kuna deni la tiketi ya ndege analolirudisha kidogo kidogo kila mwezi.

Mtasema: hata hivyo wana umeme usiokatika, maji bombani, na shule ya serikali isiyo na minervali. Ni kweli, na ni neema kubwa. Mzazi wa Katanga anayefukuziwa mtoto darasani ana haki ya kuitaja. Lakini neema hiyo haiwezi kutumwa kwa simu. Mtasema pia kwamba fulani aliyeko huko amejenga nyumba kwetu. Wapo, na wengi wao wamejenga kwa zamu mbili, au kwa kuishi wanne katika vyumba viwili. Nyumba yao inaonyesha walichojinyima. Haitoshi kuonyesha kipato chao.

Sisemi hivi ili walio huko waache kutuma hela. Wajibu upo, na mgonjwa hasubiri takwimu. Naomba tu kabla ya kumpangia mtu wa huko mzigo tuulize pia wako wangapi ndani ya nyumba, wanaofanya kazi ni wangapi, na bima inakata kiasi gani. Kisha tukubaliane mapema, kabla ya shule kufunguliwa Septemba, ni minervali ya watoto gani itatoka huko, na ununuzi wa kiwanja usubiri mwaka mwingine.