Sanduku la Vyuma la Marehemu

Wanaofuata safu hii wanamjua Baba Nadia na ugonjwa wake: MGB GT ya mwaka 1966, aliyoinunua haitembei, ikavutwa hadi gereji ya nyumba yetu hapa Uingereza. Tangu hapo gari la familia linalala barabarani. Mwaka huu akaamua kuifungua giaboksi.

Kuifungua si kazi. Kazi ni kuirudisha. Ndani mna shafti ya pembeni, na gia zake huzunguka juu ya beringi za virola vyembamba kama njiti za kiberiti. Ukiichomoa ovyo, beringi na washa zinahama. Ndiyo maana kuna shafti bandia, fupi kidogo: unaisukuma iingie huku ile halisi ikitoka, na kila kitu kinabaki mahali pake. Halafu kuna sinkro, yenye vigololi vitatu vinavyosukumwa na springi. Bila pete maalumu ya kuvibana, vinaruka. Kimoja kilirukia chini ya friza, tukakisaka kwa tochi saa tano usiku, mimi ningali na sare za kazini.

"Mama Nadia, Tanga fundi wa kukereza angenitolea shafti hiyo kwa asubuhi moja," akalalamika. Kweli, shafti bandia ni chuma cha mviringo tu, hata hapa mwenye mashine anaikereza akipewa vipimo. Pete ndiyo ngumu. Vifaa hivi vilitengenezwa na kampuni ya V. L. Churchill kwa ajili ya gereji za mawakala wa BMC, na vimegongwa namba inayoanza na 18G. Kitabu cha ufundi cha gari kinaitaja namba hiyo. Kwa hiyo usitafute kwa jina, maana kila muuzaji ana jina lake. Tafuta kwa namba.

Septemba tukaenda Beaulieu, kusini, kwenye gulio la vipuri vikuukuu lililoanza mwaka 1967. Fikiria soko la mitumba, ila badala ya mashati ni kabureta, taa, na masanduku ya spana zenye kutu. Nilizunguka na karatasi ya namba kama ninavyozunguka wodini na chati ya dawa. Muuzaji mmoja alikuwa na pete ya 18G kweli, ila ya gari jingine. Baba Nadia alishatoa pochi, eti zinafanana. Nikamsomea tarakimu ya mwisho. Wauguzi wenzangu mnanielewa.

Tulirudi mikono mitupu. Pete tulikuja kuiona nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Bibi jirani alifiwa na mumewe mwanzoni mwa mwaka, na Oktoba akaanza kusafisha banda. Akaomba Baba Nadia amsaidie kubeba vyuma vya mzee hadi kwenye kontena la taka. Marehemu alikuwa fundi kwenye gereji ya wakala kwa miaka mingi. Sandukuni mlikuwa na pete, shafti bandia na puli, kila kimoja kimefungwa kitambaa chenye mafuta, 18G inasomeka. Nilimwona mume wangu akimeza mate.

"Chukueni tu," bibi akasema.

Usiku tukagombana. Yeye: amepewa, hajaiba. Mimi: mjane hajui thamani ya anachotupa, na sisi tunajua. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaenda kwa bibi na bei alizoziona Beaulieu, akamsomea moja moja.

Puli na shafti tukamtafutia wanunuzi miongoni mwa wenye MG, na fedha akapokea mwenyewe. Pete akakataa kuiuza. Akasema itabaki kwenye msumari ilipokuwa ikining'inia zamani, na anayeihitaji aje aiazime.

Baba Nadia ameshaiazima mara mbili. Mara ya pili, giaboksi ikiwa imesharudi garini, alikwenda kuirudisha akakaa hadi magharibi. Bibi alitaka kujua kama gia ya kwanza, ambayo kwenye boksi hizo za mwanzo haina sinkro, bado inalia kama mumewe alivyokuwa akilalamika.

Inalia.